Saruji Inayomeza Moshi: Masharti Yako Wapi?

Tangu mabadiliko ya hali ya anga yawe ajenda ya kila mkutano wa mataifa, habari za saruji inayofyonza hewa chafu badala ya kuitoa zimepokelewa kwa shangwe. Mimi si mhandisi. Taaluma yangu ni isimu. Lakini anayeshughulika na maneno ana wajibu wa kuuliza maneno hayo yamebeba nini. Tunaambiwa kwamba saruji ya magnesiamu “hufyonza” kaboni dioksidi. Kiambishi hu- ni cha mazoea: jua huchomoza, mto hutiririka. Hakina sharti. Nionavyo mimi, kiambishi kinachofaa hapa ni -ki-: saruji hii itafyonza gesi hiyo ikitimiziwa masharti fulani.

Tuanze na tatizo lenyewe. Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin aliipatia hataza nchini Uingereza mwaka wa 1824, hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa na udongo hadi kufikia nyuzi 1,450 hivi za selsiasi. Moshi wa tanuri ni sehemu tu ya madhara. Jiwe lenyewe likiungua huachilia kaboni dioksidi iliyofungwa ndani yake, na hiyo ndiyo sehemu kubwa zaidi. Kwa jumla, saruji huchangia takriban asilimia 7 au 8 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu.

Oksidi ya magnesiamu huhitaji joto la chini zaidi. Ikikutana na maji hugeuka haidroksidi, nayo haidroksidi hufyonza kaboni dioksidi na kuwa kabonati, yaani fuwele zinazoshikamanisha mchanga na kokoto. Msingi huu si mgeni kwetu. Chokaa ya matumbawe iliyojenga Gede na Lamu iligeuka ngumu kwa njia iyo hiyo, kwa kuvuta gesi hewani.

Sharti la kwanza ni nguvu. Punje ya oksidi ikianza kulowa, haidroksidi hujijenga juu yake kama ganda na kuyazuia maji yasifike ndani. Kabonati nayo huziba vinyweleo ambamo gesi ingepita. Matokeo yake ni zege lililokomaa nje huku ndani likibaki changa. Ndiyo sababu ya kutumia kemikali za kuongezea. Asetati ya magnesiamu huharakisha kuyeyuka kwa oksidi na kuifanya haidroksidi ijitengeneze mbali na punje, kwa hiyo ganda halifungi. Heksametafosfati ya sodiamu hutawanya punje zilizogandamana, mchanganyiko ukahitaji maji machache na kuacha mashimo machache. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang, Singapore, ni miongoni mwa walioonyesha kwamba njia za namna hii huongeza nguvu.

Sharti la pili ni mahali. Hewa ya kawaida ina takriban asilimia 0.04 tu ya kaboni dioksidi. Majaribio mengi hufanywa katika vyumba ambamo gesi hiyo imeongezwa hadi asilimia 5, 10 au hata 20. Vyumba hivyo vyafaa kwa matofali ya kiwandani, wala si kwa nguzo inayomwagwa juani kule Kitengela. Isitoshe, zege hili halina ukali wa kialkali unaozikinga nondo za chuma zisipate kutu. Nchi iliyoshuhudia jengo la Huruma likiporomoka mwezi wa Aprili 2016 na kuua makumi ya watu haina nafasi ya kubahatisha.

Sharti la tatu, na kwangu ndilo kuu, ni hesabu. Oksidi hiyo ikitokana na jiwe la magnesiti, kila tani moja yake huwa imekwisha kutoa takriban tani 1.1 ya kaboni dioksidi kabla ya kufika kwa mwashi. Zege likifyonza yote hayo, litakuwa limelipa deni tu, tena bila kuhesabu mafuta ya tanuri. Faida ya kweli inahitaji chanzo kisicho na kaboni, kama vile silikati za magnesiamu. Kampuni ya Novacem ya London, iliyoanzishwa mwaka wa 2007, ilijaribu njia hiyo. Kufikia 2012 ilikuwa imeishiwa na fedha, hataza zake zikauzwa Australia. Chanzo kingine ni maji ya bahari. Huko Singapore watafiti wameitoa oksidi hiyo katika maji yanayobaki baada ya kuondoa chumvi.

Hapo ndipo swali linapotugusa. Kaskazini mwa Malindi kuna mashamba ya chumvi. Chumvi ikishavunwa, maji machungu yanayosalia huwa na magnesiamu kwa wingi. Je, yanaweza kututengenezea tofali la ukuta usiobeba mzigo? Hilo ni swali la maabara zetu, tusingoje kujibiwa na wengine.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sifa za mapema zinaweza kuharibu jambo lenye manufaa. Nawaomba walimu wa kemia na wa Kiswahili waliweke somo hili mbele ya wanafunzi wao kwa pamoja, na kila wanapokuta neno “hufyonza” wawafunze kuuliza: ikiwa nini?