Kompyuta Ikikataa Programu, Daftari la Wanachama Lisifutwe



Mashine ikisimama kiwandani hatuing'oi yote na kuitupa. Tunatazama mkanda, tunatazama fyuzi, tunauliza nini kilitokea kabla haijasimama. Kompyuta nayo ni mashine. Hata hivyo, inapokataa programu, wengi wetu tunaogopa na kumwachia fundi aamue.

Hivi karibuni tulikuwa tunaweka programu ya mahesabu katika kompyuta ya mtumba ya tawi la Ngarama. Kazi ikakwama katikati. Fundi mmoja wa Mbarara akataka alipwe, afute kila kitu, aanze upya. Tulikataa. Ndani yake mna majina ya vibarua wa mashamba ya ndizi, siku walizofanya kazi na michango yao. Kibarua asiye na mkataba wa maandishi atathibitisha nini siku atakapopunjwa, kama daftari hilo limefutwa?

Basi tufuate utaratibu. Kwanza, nakili daftari kwenye flashi kabla ya kugusa chochote. Pili, soma maneno ya kosa mpaka mwisho, uyaandike kwenye karatasi kama yalivyo. Tatu, tafuta sababu.

Kompyuta yetu inatumia Ubuntu, mfumo usiolipiwa ulioanza kutolewa mwaka 2004. Humo programu huja kwa vifurushi, na kifurushi kimoja mara nyingi hutegemea vingine. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kifurushi hubaki nusu, na kompyuta hukataa kingine mpaka cha kwanza kimalizike. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Dawa ilikuwa amri moja, sudo dpkg --configure -a, inayomalizia kazi iliyobaki. Daftari halikuguswa.

Sababu nyingine ni saa. Katika kompyuta kuukuu betri ndogo ya ndani hufa, na tarehe hurudi nyuma miaka mingi kila inapozimwa. Kompyuta ikiona orodha ya vifurushi ina tarehe ambayo kwake bado haijafika, huikataa. Rekebisha tarehe, kisha nunua betri. Pengine diski imejaa, na hapo ni kuondoa visivyohitajika. Pengine bando limekwisha kabla kifurushi hakijafika chote, na hapo ni kukipakua tena. Katika hayo yote hakuna linalodai kufuta daftari.

Hatuna ugomvi na mafundi, maana nao ni wafanyakazi. Diski ikifa, fundi ni lazima. Lakini tunasema fundi alipwe kwa kutambua kosa na kulieleza, asilipwe kwa kufuta asichokielewa.

Kizuizi kikubwa ni lugha. Maneno ya kosa huja kwa Kiingereza, na wengi wetu tuliishia shule ya msingi. Ndugu waliotoka Kongo walisoma kwa Kifaransa. Wapo wanaosema Kiswahili hakiwezi mambo ya kompyuta. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kwa hiyo lugha inaweza, ila sisi hatujaitumia kufundishana.

Tunapendekeza kila tawi, kuanzia Rubondo na Juru hadi viwanda vya Mbarara, lichague watu wawili, mmoja wao awe mwanamke, wajifunze kazi hii. Wawe na kitabu cha makosa, kila kosa liandikwe kama lilivyoonekana, na maana yake na dawa yake kwa Kiswahili. Kitabu hicho kizunguke matawini. Na kila Jumamosi daftari la wanachama linakiliwe, nakala ikae nyumba nyingine.

Ndugu, jasho letu limeandikwa katika daftari lile. Anayetaka kulifuta atueleze kwanza kosa ni nini. Akishindwa, tusimruhusu.

Umoja ni nguvu, na elimu ya mmoja iwe ya wote.