Tairi Jipya Liulizwe Umri Wake

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Msemo huo hunijia kila nimwonapo kijana wa bodaboda katika miji ya chai, tangu Kericho, Litein na Kapkatet hadi kufikia Bomet, akitoka dukani na tairi begani, uso umekunjuka kwa furaha. Amelipa bei ya kitu kipya naye amepewa kitu kipya. Lakini kipya hicho kilizaliwa lini? Kijana hakuuliza, na mwenye duka hakumwambia.

Rai yangu ni kwamba umri wa tairi ni sehemu ya bidhaa yenyewe, na mwenye kuuficha ameficha aibu ya mali yake.

Umri huo si siri. Ubavuni mwa tairi, aghalabu mwishoni mwa maandishi yaanzayo na herufi DOT, mna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 1419, jua kwamba tairi hilo lilitengenezwa juma la 14 la mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, basi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, wala usipoteze wakati kubishana bei. Mara nyingine tarakimu huandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo ligeuze.

Huenda msomaji wa Mvita au Lamu akasema, ya Kericho yatuhusu nini sisi? Yanatuhusu. Kiwanda cha matairi cha Nairobi, kilichoanza kwa jina la Firestone na baadaye kikawa cha Sameer, kilikoma kutengeneza matairi mwaka 2016. Matairi ya nchi hii sasa kwa sehemu kubwa huja kwa meli, na mlango wake ni bandari yetu. Kabla halijafika Litein, tairi limekaa ndani ya kontena, likakaa ghalani kwenye joto letu hili la pwani tulijualo, kisha likapandishwa bara na kutundikwa msumarini nje ya duka, juani mchana kutwa. Kote huko linazeeka, ingawa halijagusa barabara hata hatua moja.

Maana mpira huzeeka hata ukiwa umelala. Hewa huingia ndani yake polepole na kuukausha, ukapoteza ulaini. Jua na joto huharakisha kazi hiyo. Watengenezaji huchanganya mpira na nta ya kuulinda, na nta hiyo hujitokeza juu pale tairi linapozunguka na kubonyea. Tairi lililotundikwa miaka halizunguki, basi kinga yake ni haba. Mwishowe huona nyufa ndogo ndogo kama za udongo wa kiangazi, lakini ugumu hutangulia nyufa, na ugumu hauonekani kwa macho. Wako wauzaji wanaolipaka tairi mafuta likang'aa kama kiatu cha Idi. Mng'ao huo haurudishi ulaini.

Sasa litie tairi hilo gumu katika nchi ya chai. Kericho ni nyanda za juu, mahali pa baridi, na mvua yake aghalabu hunyesha alasiri, wakati ule ule ambapo majani mabichi yaliyochumwa hupelekwa kwenye vituo vya kupimia. Pikipiki hubeba magunia nyuma, hushuka mteremko, hukata kona, na lami imelowa. Sehemu ya tairi inayogusa barabara ni kama kiganja cha mkono tu, na viganja viwili hivyo ndivyo vinavyombeba mtu na mzigo wake. Mpira laini huishika lami iliyolowa, lakini mgumu huteleza juu yake. Kwenye tope la barabara za mashambani, nakiri, kilicho muhimu zaidi ni kina cha makato ya tairi kuliko umri wake. Umri hudhihirika pale atokapo topeni akapanda lami na kuongeza mwendo.

Wengine watanijibu kwamba bodaboda humaliza tairi kwa miezi michache, litazeekea wapi? Ni kweli kwa tairi la nyuma. La mbele huisha polepole sana, na pikipiki ya mkulima iendayo kituoni na kurudi yaweza kukaa nalo miaka mingi. Likinunuliwa lina miaka sita, litafika kumi makato yake yangali mazuri. Na tairi la mbele likiteleza konani, hapana mpanda pikipiki awezaye kujizuia.

Waingereza walijifunza jambo hili kwa msiba. Mwaka 2012 basi lililokuwa likirudisha vijana kutoka tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele huko Surrey, na watu watatu wakafa. Tairi lilikuwa na miaka 19. Mmoja wa waliofariki, Michael Molloy, alikuwa na miaka 18. Makato yalikuwapo, na sheria ya wakati huo haikulikataza. Mama yake, Frances Molloy, alipigania jambo hilo miaka mingi, hata kuanzia Februari 2021 ikawa ni kosa kuweka tairi lililopita miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya mabasi na malori. Kampuni ya Michelin nayo hushauri tairi lichunguzwe kila mwaka likishapita miaka mitano, na litupwe likifika kumi hata kama linaonekana zima.

Sisemi mtu akatae tairi la mwaka mmoja au miwili lililohifadhiwa kivulini. Hilo halina neno. Nasema aambiwe. Masheikh wetu hufundisha katika mlango wa biashara kwamba muuzaji aijuaye aibu ya bidhaa yampasa aidhihirishe, na mnunuzi akiigundua baadaye ana hiari ya kuirudisha. Tajiri wa Mombasa anayetoa shehena ya matairi ghalani na kuipeleka bara ajua fika mwaka wake. Asimwachie kijana wa Kapkatet kuutafuta kwa tochi.

Kama ni la zamani kidogo na bei imepunguzwa kwa sababu hiyo, mnunuzi achague mwenyewe akijua. Tarakimu zile nne ziandikwe kwenye risiti, kando ya bei, kama vile muuza dawa aonyeshavyo tarehe ya chupa. Kazi hiyo haihitaji kungoja serikali. Yahitaji kalamu tu na muuzaji aliye tayari kuinama akasoma ubavu wa tairi mbele ya mteja wake.