Bandikeni Orodha Ukutani

Kuna kichekesho kimoja hakiishi mtandaoni. Karani wa serikali, mama wa makamo, miwani puani, anachapa kwa kidole kimoja, halafu anakwambia, "Sistimu iko chini, rudi Jumatatu." Kila anayekiigiza anavuna laiki. Mimi pia nimecheka. Nilikituma hata kwenye grupu la WhatsApp la familia, na mamangu, ambaye ndiye huyo karani, akajibu kwa emoji ya kucheka kisha akaninyamazia siku mbili.

Mamangu anafanya kazi masjala, chumba cha mafaili, katika ofisi moja ya umma huku kwetu Magarini, ng'ambo ya daraja la Sabaki ukitoka Malindi. Ofisi yenyewe siitaji. Anayeijua ataijua, na asiyeijua basi anayo kama hiyo kwao. Aliajiriwa 1991, daraja F, "job group F" kama wanavyoita wenyewe. Mwaka 1994 serikali ilipowaambia wafanyakazi wa madaraja ya chini, A mpaka G, wachukue kitita cha kustaafu mapema warudi nyumbani, kuna wenzake waliochukua. Yeye alibaki. Leo yuko H. Hesabu mwenyewe: miaka zaidi ya 30, ngazi mbili.

Mkubwa wake wa masjala alipostaafu, mamangu aliambiwa akaimu. Akakaimu miezi 14. Funguo za kabati la siri ziko kwake, lawama ziko kwake, mshahara ni ule ule. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inasema kukaimu kusipungue siku 30 wala kusizidi miezi 6. Mwezi wa 15 ikaja barua, si yake. Kijana wa miaka 27, mwenye digrii, ndiye mkubwa mpya. Siku ya kwanza akaingia akamwamkia vizuri, "Shikamoo mama," halafu akauliza, "Mafaili ya uhamisho hukaa wapi?" Mamangu akamwonyesha.

Huyo kijana simchukii. Tumecheza mpira uwanja mmoja. Na kama karo isingenishinda nikiwa mwaka wa pili chuoni, huenda mimi ndiye ningekuwa nimeshika hiyo barua, nimempita mama wa mtu mwingine, na ningeona ni haki yangu kabisa. Karo yenyewe, hiyo kidogo iliyolipwa, ilitoka kwenye mkopo wa sacco unaokatwa kwenye mshahara wa daraja H. Sasa ona huo mzunguko: karani anakopa amsomeshe mtoto apate karatasi itakayomfanya amruke karani.

Wengine mtasema hasira hizi ni za jina la cheo tu. Haya, tuchukue kalamu. Kwa pensheni ya zamani, ambayo watu wa umri wa mamangu walibaki nayo wakati mfumo mpya wa kuchangia ulipoanza Januari 2021, unachukua mshahara wa mwisho, unazidisha kwa miezi uliyotumika, unagawanya kwa 480. Yeye atafikisha miaka 60 mwaka 2027, akiwa na miaka 36 ya kazi. Hiyo ni miezi 432. Ukigawanya kwa 480 unapata 0.9. Maana yake, kila shilingi 1,000 ambayo hakupandishwa nayo inamnyima shilingi 900 kila mwezi kwenye pensheni, mpaka siku atakayozikwa. Mtu akikurusha ngazi moja miaka miwili kabla ya kustaafu, ameshika mkono wako wa kula kwa maisha yako yote yaliyobaki. Ndiyo maana watu wazima wanalia kwa sababu ya barua ya nusu ukurasa.

Najua jibu lenu, maana lilikuwa jibu langu: "Lakini bana, si ni sifa zinazoangaliwa? Tutapandisha watu kwa sababu ya mvi?" Katiba yetu, kifungu cha 232, inasema uajiri na upandishaji vyeo uwe kwa ushindani wa haki na kwa sifa. Nakubali neno kwa neno. Ninachokataa ni uongo kwamba hicho ndicho kinachofanyika.

Kwanza, foleni ya makarani haijawahi kuwa foleni ya mvi. Muundo wao wa utumishi una mageti. Unatakiwa kuwa umekaa kwenye daraja miaka yako mitatu. Kuna mtihani wa umahiri wa makarani. Kuna fomu ya tathmini kila mwaka. Anayelala mezani anaweza kuzuiwa kwenye kila geti, na wapo wanaolala, sitawatetea. Mamangu mwenyewe ana majina yao. Ukuu kazini unaingia baada ya mageti hayo: watu watano wamepita, nafasi ni moja, nani aliyetangulia? Ni swali la haki la mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni ya maji.

Pili, hizo "sifa" zinazoruka foleni mara nyingi ni karatasi tu. Na karatasi tumeiona. Februari 2024 tume hiyo hiyo, PSC, ilitangaza kwamba uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma umefichua vyeti ghushi zaidi ya 2,000, vilivyotumika kupata kazi na kupandishwa vyeo. Majirani zetu Tanzania walipofanya zoezi lao, Aprili 2017, Rais Magufuli alikabidhiwa majina ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Miaka ya kazi huwezi kuichapisha kwa mtu wa mihuri. Tarehe ya barua ya kuajiriwa iko kwenye faili, na faili liko masjala, na masjala yuko mamangu.

Basi mbona ugomvi hauishi? Kwa sababu orodha haionekani.

Huku kwetu mkoroganyo ulizidi baada ya ugatuzi. Machi 2013 kaunti zilipozaliwa, kulikuwa na watu wa aina tatu waliowekwa chini ya paa moja. Kuna waliotoka mabaraza yaliyovunjwa, kama Manispaa ya Malindi, wakiwa na ngazi zao za mishahara na chama chao cha wafanyakazi. Kuna waliotoka wizara za serikali kuu, afya, kilimo na kadhalika, wamekuja na herufi zao F, G, H. Halafu kuna walioajiriwa upya na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Sasa niambie: karani wa baraza aliyeanza 1998, wa wizara aliyeanza 2001 lakini akapanda daraja 2009, na wa bodi aliyeanza 2014 moja kwa moja kwenye daraja la juu kuwashinda wote wawili, nani mkubwa? Unahesabu tangu siku ya kwanza kuajiriwa, tangu siku uliyoingia daraja ulilo nalo, au tangu siku kaunti ilipokupokea? Kila mmoja anahesabu kwa kalenda inayompa ushindi. Si ujanja, ni binadamu. Ingewekwa kanuni moja kwa maandishi, watu wakaonyeshwa majina na tarehe, wakapewa mwezi mmoja wa kupinga, wakafunga daftari. Kazi ya wiki chache.

Mahali ambapo orodha haionekani, watu wanaijaza wenyewe, na unajua watajaza na nini. "Huyo ni mtu wa bara, wamejuana juu." "Huyo ni wa kwetu lakini ni mtoto wa fulani." "Huyo alipigia kampeni." Nimeyasikia haya yote kwenye kibanda kimoja cha mahamri pale Gongoni, asubuhi moja, kabla chai haijapoa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti. Inasema nafasi za kuanzia. Lakini kibandani sheria hiyo inalaumiwa kwa kila cheo mtu alichokosa, mpaka cha bosi, kwa sababu hakuna karatasi nyingine ya kulaumu. Mtu angeona jina lake ni la nne, na waliomtangulia watatu na tarehe zao, angeenda nyumbani amenuna, lakini asingemchukia jirani.

Na tusijidanganye kwamba haya ni mageni. Miaka ya 1950 mwanzoni Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi, akifanya kazi ile ile ya mkaguzi Mzungu kwa mshahara mdogo zaidi, kwa sababu ngazi ya mshahara ilipakwa rangi ya ngozi. Ugomvi ule ulikuwa na kitu kimoja ambacho wetu hauna: ubaguzi wenyewe uliandikwa, mtu angeweza kuunyooshea kidole. Wetu ni wa mnong'ono.

Wakubwa wana jibu lao. Wanasema hakuna bajeti, na kweli kuna kanuni za fedha za kaunti zinazotaka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Sawa. Kama mkate ni mdogo, ndiyo sababu zaidi ya kutuonyesha kisu kinapitia wapi. Wanasema pia kwamba kupandishwa cheo si haki ya mfanyakazi, ni uamuzi wa mwajiri. Hata mahakama husema hivyo. Lakini mahakama hizo hizo husema utaratibu lazima uwe wa haki, na kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu aliyeumizwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi! Mamangu aliambiwa sababu kwenye korido: "Mama, wewe pumzika sasa, umekaribia kustaafu."

Kukata rufaa je? Ipo. Ukiwa wa kaunti na hukuridhika na bodi, unaandikia PSC ndani ya siku 90. Ukikimbilia Mahakama ya Ajira na Leba kabla ya hapo, kesi yako inaweza kutupwa nje mlangoni kwa sababu umeruka ngazi. Fikiria hilo: karani anaporukwa yeye, atafute wakili, anaporuka yeye, anatupwa. Na siku 90 zinaanza kuhesabika lini, kama uamuzi wenyewe umeusikia kwa mfagizi?

Kwa hiyo sidai serikali igundue kitu kipya. India, nchi ambayo ugomvi wa makarani ni kama mchezo wa taifa, idara za serikali hutoa orodha ya ukuu kazini ya muda, jina na tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuingia daraja, zikapokea mapingamizi, halafu zikatoa ya mwisho. Bado wanashtakiana, ndio. Lakini wanashtakiana juu ya mstari wa 14 kwenye ukurasa wa pili, si juu ya kabila la mtu. Huku kwetu ubao wa matangazo upo. Nimeuona: kuna tangazo la mbuzi aliyepotea na kalenda ya mwaka juzi. Nafasi imejaa tele.

Nanyi wenzangu wenye digrii, na wa digrii nusu kama mimi, acheni kushangilia kila mzee anaporukwa mkidhani ni zamu ya vijana imefika. Zamu ya vijana haijafika. Aliyeingia kwa mlango wa nyuma leo atakaa masjala miaka yake 33, na siku moja atakuja mwenye shahada mbili na mjomba mmoja. Utamwonyesha mafaili ya uhamisho yalipo.

Mwezi uliopita nilimwandikia mamangu barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu Mkenya yeyote kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, na ofisi itoe uamuzi ndani ya siku 21. Niliomba vitu viwili tu: orodha ya makarani wa ofisi ile kwa daraja na tarehe ya kuingia daraja, na sababu za uamuzi wa ile nafasi. Alikaa nayo wiki nzima kwenye mkoba. "Mwanangu, wataniona mimi ni mtu wa vita." Nikamwambia mama, ni karatasi moja. Usiku wa Jumapili akaisoma tena, akanisahihisha tarehe mbili na namba ya faili, akaweka sahihi.

Jumatatu akaipeleka inakopelekwa barua zote zinazoingia ofisini, yaani mezani kwake. Akatoa muhuri kwenye droo, akaweka tarehe, akaandika kwenye daftari la barua, akaitia kwenye faili akalipeleka kwa bosi wake kijana. Leo ni siku ya 19.