Hadhira ya Mpakani Huhesabiwa Wapi?

Neno hadhira lina nasaba moja na kitenzi kuhudhuria. Hadhira ni waliopo, yaani wale ambao sauti imewafikia, popote walipoketi. Umma ni neno jingine. Aghalabu hubeba uzito wa taifa, wa watu waliounganishwa na mambo yanayowahusu wote. Wanafunzi wangu huyatumia maneno haya kana kwamba ni pacha. Watafiti wa sayansi ya jamii, wanapochunguza vyombo vya habari, nao huyachanganya mara nyingi, na athari zake huonekana waziwazi katika mpaka wa Kenya na Uganda.

Mji wa Busia umepasuliwa na mpaka huo, na kila nusu ina serikali yake. Kaskazini yake ipo Malaba, lango la kuingilia Wilaya ya Tororo. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili, na mawimbi ya redio hayasimami kwenye kizuizi cha forodha. Mchuuzi wa samaki aweza kusikiliza taarifa ya Nairobi asubuhi na ya Kampala jioni, kisha akazijadili zote mbili na wateja walewale.

Sasa tazama jinsi mchuuzi huyo anavyohesabiwa. Afrobarometer, mtandao wa utafiti ulioanza mwaka 1999, huwahoji watu wapatao 2,400 nchini Kenya na idadi kama hiyo nchini Uganda, na kuwauliza hupata habari mara ngapi kwa redio, runinga, magazeti au mitandao ya kijamii. Siudharau utafiti wa namna hii. Sampuli iliyochaguliwa kwa uangalifu hutupa picha ya nchi nzima kwa kadirio linaloweza kupotoka kwa asilimia mbili hivi tu, na pasipo takwimu hizo wanasiasa wangetusemea wapendavyo. Lakini hesabu yake ni ya nchi moja moja. Mtu wa Busia huyeyuka ndani ya wastani wa taifa, na lile linalomtofautisha na mtu wa Nyeri au wa Mbarara, yaani kusikiliza nchi mbili kwa sikio moja, halionekani popote.

Je, hasara yake ni ipi? Ikumbukeni Mei 2020. Madereva wa malori walipanga foleni ndefu Malaba na Busia wakisubiri kupimwa Korona. Wizara ya Afya ya Uganda ilikuwa ikitangaza matokeo yao kando na ya watu wengine, na mwezi huohuo madereva wa kigeni wakaondolewa katika hesabu ya taifa. Mtafiti anayechanganua maudhui angeweza kuhesabu ni mara ngapi neno dereva liliandamana na neno maambukizi katika habari za siku hizo. Kazi hiyo ni ya maana. Hata hivyo, haiwezi kutuambia mama lishe wa Malaba alifanya nini baada ya kusikia taarifa: je, aliendelea kumpakulia dereva chakula, au alimfungia mlango? Na alimwamini nani, mtangazaji wa Kampala, wa Nairobi, au dereva mwenyewe aliyemjua kwa miaka?

Majibu hayo hupatikana kwa kuketi na watu. Florence Brisset-Foucault alifanya hivyo Kampala alipochunguza mijadala ya redio iliyofanyika hadharani (shina ni lilelile!) hadi serikali ilipoipiga marufuku mwaka 2009, kitabu chake kilitoka mwaka 2019. Stephanie Diepeveen naye alifuatilia mabaraza ya mitaani ya Mombasa pamoja na mazungumzo ya mitandaoni. Natamani kuona kazi ya aina hiyo ikifanywa Busia na Tororo, na mtafiti akivuka mpaka kila siku kama wavukavyo wenyeji.

Lipo pia suala la lugha, nalo hupuuzwa mno. Kiswahili ni lugha ya soko mpakani, na Katiba ya Uganda imekitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005. Hata hivyo, Waganda wengi wamekizoea kinywani mwa askari na wanajeshi. Mgeni mwenye daftari anayeuliza kwa Kiswahili, "Unasikiliza redio gani?", huenda Busia ya Kenya akajibiwa kwa bashasha, na hatua mia mbili mbele, ng'ambo ya pili, akajibiwa kwa tahadhari. Tofauti ya majibu itaandikwa katika ripoti kuwa ni tofauti ya usikilizaji, kumbe ni tofauti ya hofu.

Basi mnapoandaa hojaji zenu za darasani, msiishie kuuliza mtu anasikiliza nini. Ongezeni swali moja: baada ya kuisikia habari hiyo, ulimweleza nani, na kwa lugha gani?