Msichana wa jimnastiki mwenye vyuma vya meno asilazimishwe kutabasamu

Msichana wa miaka 12 anayefanya jimnastiki akifungwa vyuma vya meno, wakubwa wanaomzunguka huwa na maneno mawili tayari. La kwanza ni kwamba havionekani sana. La pili ni kwamba siku vikitolewa atapendeza. Yote mawili husemwa kwa nia njema, na yote mawili hayamfai kitu. La kwanza si kweli, naye anajua, maana kioo anacho. La pili linamwambia kuwa shida yake ni sura, ilhali kinachomsumbua wiki hiyo ni meno yasiyoweza kutafuna, mashavu yanayochubuka kwa ndani, na swali analoogopa kuuliza: je, nikianguka na vyuma hivi mdomoni itakuwaje? Nadhani msaada wa kweli ni kumweleza jambo lenyewe lote lilivyo, kisha kumpa ruhusa kamili ya kusema linapomuuma, hata katikati ya mazoezi, hata mbele ya kocha. Katika michezo mingi ushauri huu ungekuwa wa kawaida tu. Katika jimnastiki una uzito wa pekee, kwa sababu kwa miongo mingi mchezo huu umewafundisha watoto wa kike kuficha maumivu na kuonyesha meno.

Ushahidi wa hilo haujajificha. Katika Olimpiki ya Atlanta ya 1996, Kerri Strug wa Marekani aliruka mara ya pili huku kifundo cha mguu kimeumia, akatua, akasimama kwa mguu mmoja mbele ya waamuzi, kisha akaanguka magoti. Picha ya kocha Béla Károlyi akiwa amembeba ilizunguka dunia kama kielelezo cha ushujaa. Hesabu za alama zilipofanywa, ikaonekana Marekani ingetwaa dhahabu hata kama asingeruka. Januari 2018, mahakama ya Michigan ilisikiliza maelezo ya zaidi ya wanawake na wasichana 150 waliodhulumiwa kingono na Larry Nassar, aliyekuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kuwaambia watu wazima miaka mingi kabla, na hawakusadikiwa. Nchini Uingereza, ripoti ya wakili Anne Whyte iliyotolewa mwaka 2022, baada ya kupokea maelezo zaidi ya 400, ilieleza juu ya watoto waliofanyishwa mazoezi wakiwa na majeraha, waliopimwa uzito kwa namna ya kuwadhalilisha, na wengine walionyimwa chakula, maji au ruhusa ya kwenda msalani. Kando ya mambo hayo, vyuma vya meno ni kitu kidogo mno. Lakini mtoto hajifunzi kunyamaza siku anapopatwa na jambo kubwa. Anajifunza kwenye madogo, pale anaposema mdomo unauma akaambiwa asideke.

Tuanze na tabasamu, kwa kuwa ndilo linalowatia wasichana hofu kabla hata ya kufika kwa daktari. Wapo wanaoamini kuwa waamuzi watawakata alama wakiona chuma mdomoni. Kanuni hazisemi hivyo. Tangu 2006 alama ya mchezaji hutoka katika sehemu mbili: ugumu wa mitindo aliyoichagua, na ubora wa utekelezaji, ambao huanzia 10 na kupunguzwa kwa kila kosa. Kuanguka hugharimu pointi nzima. Goti lililopinda, vidole vya miguu visivyonyooka au hatua ya ziada wakati wa kutua hugharimu sehemu ya pointi. Kwenye boriti na sakafu usanii nao hutazamwa, na uso ni sehemu ya usanii, lakini uso si meno. Nadia Comăneci wa Romania alipopata alama 10 kamili mjini Montreal mwaka 1976, akiwa na miaka 14, wengi waliona ajabu kwamba msichana mdogo hivyo alikuwa na uso mzito kiasi kile. Simone Biles naye, alipoulizwa mwaka 2017 kwenye shindano la kucheza dansi la televisheni kwa nini hatabasamu anaposifiwa, alijibu kuwa kutabasamu hakuleti medali za dhahabu. Hao ni wawili kati ya wakubwa kabisa katika historia ya mchezo huu. Kocha anayemkaripia binti wa miaka 12 kwa kufunga mdomo anatetea ladha yake mwenyewe, akiisingizia kanuni.

Hofu ya pili ni kwamba vyuma vitaharibu uwiano wa mwili juu ya boriti. Uzito wake ni gramu chache, na mwili hujiweka sawa kwa kutumia sikio la ndani, macho, pamoja na hisia za misuli na viungo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokaa kwenye meno. Kinachoweza kumtoa mchezaji katika utulivu wake ni maumivu yanayomshtukiza, na hayo yana ratiba inayojulikana. Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari. Limeshikwa na nyuzi laini zilizolizunguka, na waya unapolisukuma, seli za upande unaobanwa huumega mfupa taratibu huku za upande wa pili zikijenga mfupa mpya. Kazi hiyo ni ya polepole, ndiyo maana matibabu huchukua mwaka na nusu, miwili, wakati mwingine zaidi. Uchungu huanza saa chache baada ya kufungwa au kukazwa, hufika kileleni kesho yake, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki. Msichana anayejua hayo halali akiwaza kuwa atakaa na maumivu yale kwa miaka miwili. Na mzazi anayejua hayo hapangi kukaza vyuma Ijumaa wakati mashindano ni Jumamosi. Kalenda ya kocha na ile ya daktari wa meno zinapaswa kuonana, jambo rahisi ambalo halifanyiki kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake hahusiki.

Kuna sababu nyingine ya kutaka uchungu huo usemwe waziwazi. Wazazi wengi humpa mtoto dawa ya kutuliza maumivu siku ya kukazwa, na pengine daktari ameiruhusu. Dawa hiyo haichagui: inatuliza meno, na inatuliza pia kifundo cha mkono. Wasichana wa jimnastiki huubeba mwili mzima kwa mikono, na sehemu laini za mifupa inayokua karibu na vifundo huumizwa mara kwa mara na mzigo huo. Kocha ambaye hajaambiwa kuwa mtoto amemeza dawa anaweza kumfanyisha zoezi ambalo jana yake mkono ungelikataa.

Usalama wenyewe unahitaji maneno zaidi kuliko unavyopewa. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kinaitaja jimnastiki miongoni mwa michezo ambayo mchezaji anashauriwa kuvaa kinga ya meno, ingawa ukitazama kumbi nyingi utaona mabondia tu ndio wanaoijua. Mwenye vyuma anahitaji kinga ya aina yake, yenye nafasi kwa vyuma na kwa meno yanayosogea. Ile ya kuchemshwa na kuumwa ili ishike umbo la meno haimfai. Wapo wasichana watakaosema inawabana pumzi kwenye sakafu, na wana haki ya kusikilizwa: basi ivaliwe wakati wa kujifunza mtindo mpya kwenye fito za kuning'inia, ambako uso hukaribia kugonga. Nta ya kufunika ncha zinazochoma iwe kwenye mkoba wa mazoezi, pamoja na kioo kidogo na maji ya kunawa, kwa sababu msichana atataka kurudisha waya uliochomoka kwa vidole vilivyojaa unga mweupe wa kushikia. Kifaa kinachovaliwa nje ya kichwa kuvuta taya hakivaliwi kabisa mazoezini. Na jino la ukubwani likitoka lote, linashikwa upande wa taji, si wa mzizi, linarudishwa mahali pake mara moja au linawekwa kwenye maziwa, kisha mbio kwa daktari. Kila kocha ajue hilo hata kama hana mchezaji hata mmoja mwenye vyuma.

Sasa chakula, ambapo nina wasiwasi mkubwa kuliko kwenye maanguko. Siku za kwanza msichana hawezi kutafuna, na baadaye anakatazwa mahindi ya kuchoma, miwa, bisi, kashata, ubuyu wa kunata na nyama ngumu. Mtoto wa kawaida atalalamika, atapewa uji, mtori au ndizi zilizopondwa, na maisha yataendelea. Mtoto wa jimnastiki anaishi katika mchezo ambao wembamba umekuwa ukisifiwa, na kwake vyuma vinaweza kuwa kisingizio kisichotiliwa shaka cha kuruka mlo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko mwaka 2014 kuhusu upungufu wa nishati kwa wanamichezo: mwili usiopata chakula kinachotosha mazoezi hupunguza kinga, huvuruga hedhi na kudhoofisha mifupa. Kwa msichana ambaye mifupa yake ndiyo kwanza inajengwa, hilo si jambo la kusubiri. Basi mama asiulize tu kama vyuma vinauma, aulize pia amekula nini. Uji utiwe maziwa na karanga zilizosagwa, supu iwe na nyama iliyoiva ikalainika, maharage yapondwe. Akipungua uzito wiki ya kwanza na kocha akamsifu, kocha huyo aambiwe papo hapo kwamba amekosea. Vinywaji vitamu vya wanamichezo navyo viachwe. Sukari na asidi yake hukaa pembezoni mwa vyuma na kuacha madoa meupe ambayo yataonekana hata vyuma vikishatolewa.

Wapo watakaosema huku ni kuwadekeza watoto. Jimnastiki ni mchezo mgumu, watasema, na anayesikilizwa kwa kila kijimaumivu hatafika mbali. Siidharau hoja hiyo. Hakuna aliyejifunza kuruka msarakasi mara mbili hewani bila kuumia. Lakini uvumilivu ni uwezo wa kutofautisha maumivu ya kupita na maumivu ya hatari, na uwezo huo haupatikani kwa kunyamaza. Vyuma vya meno ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu maumivu yake yanajulikana chanzo, kilele na mwisho. Msichana akizoea kusema “leo ni siku ya pili, yanauma ila naweza”, kesho ataweza kusema “goti hili haliko sawa”. Biles alipojitoa katika fainali ya timu mjini Tokyo mwaka 2021, baada ya kupoteza hisia ya mwili wake ulipo hewani, alitukanwa kuwa dhaifu. Mwaka 2024 mjini Paris alirudi na kuchukua dhahabu tatu.

Wengine watashauri vyuma viahirishwe mpaka aache mchezo. Kwa baadhi ya watoto daktari atakubali, kwa kuwa meno husogezwa hata ukubwani. Kwa mwenye meno ya juu yaliyochomoza sana, ushauri huo ni wa kinyume. Meno ya namna hiyo huvunjika kwa urahisi zaidi mtoto akianguka, na mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yalionyesha kuwa kuyatibu mapema hupunguza majeraha hayo kuliko kungoja ujana, japo hayakuona faida nyingine kubwa ya kuwahi. Kwa msichana anayeanguka kila siku kama sehemu ya mafunzo, hiyo peke yake inatosha kumpeleka mapema. Kuhusu vile vifuniko angavu vinavyovuliwa, ni vizuri kwa mwenye uwezo wa kulipa na nidhamu ya kuvivaa karibu siku nzima, ila havitibu kila hali, na huachwa juu ya benchi la ukumbi kwa wepesi wa ajabu.

Pingamizi la mwisho nalipa uzito kuliko yote: kwamba haya ni mazungumzo ya wachache. Katika Afrika Mashariki wengi hawajawahi kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno ila kung'olewa, na vyuma ni gharama ambayo familia nyingi haziwezi hata kuitaja. Ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya ninayoyapendekeza haidai shilingi: kupanga tarehe, kumwambia kocha, kuangalia sahani, kumsadiki mtoto. Yanamfaa pia mtoto wa sarakasi wa mtaani ambaye hatavaa vyuma kamwe, ila jino lake linaweza kuvunjika vilevile.

Na kabla ya kufungwa vyuma, aulizwe. Kwetu mwanya ni uzuri, na mipango mingi ya matibabu huuziba bila mtu kusema lolote, kana kwamba meno yote duniani yanapaswa kupangika kwa namna moja. Pale ambapo mwanya haudhuru chochote, msichana anaweza kutaka ubaki. Daktari ana utaalamu wa kumweleza linalowezekana na lisilowezekana. Mama na baba wana wajibu wa kulipa na kuamua akiwa bado mdogo. Ila swali lielekezwe kwake, kwa jina lake, akiwa ameketi kwenye kiti kile, na jibu lake liandikwe kwenye faili kabla ya waya wa kwanza kupitishwa.