Silika si Shahidi wa Mwuaji

Katika Ghuba ya Mwanza, ambako Igogo imekaa baina ya majabali na maji, huishi samaki wadogo waitwao furu. Furu dume hulinda nafasi yake kati ya mawe, na humshambulia zaidi dume mwenziwe mwenye rangi kama yake. Hakufundishwa na mtu, amezaliwa hivyo. Kwa mifano ya samaki walindao nafasi zao, Konrad Lorenz, mtaalamu wa Austria, alifungua kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya ushari. Alidai kuwa binadamu naye ana silika ya kushambulia, nayo hujaa ndani yake kama maji mtungini hata ikafurika.

Hoja hii isinyimwe haki yake. Hasira haikuletwa na jahazi. Kila taifa laijua, na mtoto huuma kabla hajajua kusema. Kule Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, Jane Goodall na wasaidizi wake walishuhudia tangu mwaka 1974 hadi 1978 sokwe wa kundi moja wakiwawinda na kuwaua wenzao waliojitenga nao. Akanaye kuwa ushari una mizizi katika mageuko ya viumbe abishana na jua la mchana. Lakini Gombe hiyo hiyo ilimsuta Lorenz, aliyefundisha kuwa wanyama huua wa jinsi yao kwa nadra. Wala mtungi wake haukuonekana: azoeaye ugomvi hatulii kwa kugombana, bali huzidi.

Kosa kubwa zaidi hudhihirika nchi kavu. Usukumani, kwa miaka mingi, vikongwe waliuawa kwa mapanga kwa kuitwa wachawi. Macho mekundu yalihesabiwa ushahidi, hali wekundu ule ulitokana na moshi wa kuni na samadi jikoni. Kisha yakaja mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa hasa tangu mwaka 2007. Wako wasemao, "Mtu ni mnyama, atende nini?" Na waulizwe: ni mnyama gani apigaye ramli? Ni furu yupi amkodiye furu mwingine, akamlipa amwue asiyemjua? Mwuaji wa kukodiwa hana hasira na kikongwe, ana ujira. Amlipaye ataka shamba, au utajiri, au mtu wa kulaumiwa kwa kifo cha mtoto.

Silika hueleza kwa nini mkono waweza kupiga. Haielezi kwa nini panga lilipita nyumba tisa likaingia ya kumi, ya mjane. Silika ni moja Mwanza na Mtwara, jana na leo. Mauaji haya hayakuwa sawa mahali wala wakati. Kibadilikacho hakielezwi kwa kisichobadilika.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Na jamii ikikosa haki husingizia maumbile. Mwaka 2009 Mahakama Kuu huko Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua kijana mwenye ualbino; haikuyahukumu maumbile. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, kwa maana ramli ndiyo iliyotaja jina kabla panga halijanolewa. Hasira ni ya maumbile. Kuua kwa malipo ni shauri la watu, na shauri la watu hujibiwa na watu.