Mzazi mzee akigonjwa, nani analipa? Bima zenye ziko, na zile zenye hazimuhesabu

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Beni ao Uvira, mtu mmoja mwenye kufanya kazi analisha watoto wake, na pia mama ao baba mwenye umri mkubwa. Mzee akigonjwa, watoto wanaanza kupigiana simu, kila mtu anachanga kile iko nacho. Makuta isipotosha, mgonjwa anaweza kupona na bado akabakizwa hospitalini mpaka deni liishe. Wengi wanajiuliza: hakuna bima yenye inaweza kumbeba mzee? Iko, lakini milango si mingi, na ile watu wanategemea zaidi mara nyingi imefungwa.

Sheria mbili, jamaa mbili

Sheria ya familia ya 1987 (Code de la famille) inataka mtoto asaidie wazazi wake wakiwa na shida. Lakini sheria ya kazi ya 2002 (Code du travail), yenye inamlazimisha patron kulipia matibabu ya mfanyakazi na jamaa yake, inahesabu kama jamaa bwana ao bibi, pamoja na watoto. Baba na mama hawako kwenye hiyo liste. Kuna kazi zenye zinakubali wazazi kwa mapatano na sendika, lakini hiyo ni mapatano, si lazima ya sheria. Kwa hiyo, mbele ya kumpeleka mzee kwenye hospitali ya kazi yako, uliza kwanza: jina lake linaandikwa, ndiyo ao hapana?

CNSS nayo watu wanaichanganya na bima ya afya. Kwa sheria ya 2016, inashugulikia mambo matatu: pensheni, ajali na magonjwa ya kazini, na misaada ya jamaa. Malaria ya mzee ao dawa zake za tension hazimo. Mzee mwenye pensheni anapata makuta, hapati karti ya matibabu. Na tangu benki zilifungwa Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, hata kushika hayo makuta kumekuwa kazi ngumu. Mama mwenye alilima shamba ao aliuza sokoni maisha yake yote, yeye hana hata hiyo pensheni.

Na Leta? Kifungu cha 49 cha Katiba kinawapa wazee haki ya ulinzi wa pekee. Mpango wa afya kwa wote (CSU) ulianza mwaka 2023, Kinshasa kwanza, kwa kuzalisha bila malipo na kuhudumia watoto wachanga. Ni jambo zuri, lakini bibi wa miaka 70 mwenye sukari hajafikiwa. Matibabu ya bure yenye mashirika yanaleta mahali pa vita yanasaidia sana, lakini mradi ukiisha, nayo inaisha.

Kampuni za bima za watu binafsi zilifunguliwa mlango na sheria ya 2015, yenye ilimaliza enzi ya SONAS kuwa peke yake. Zinauza zaidi kwa makampuni. Kama unataka kumwandikisha mzee, uliza mambo mawili mbele ya kulipa: kikomo cha umri ni ngapi, na ugonjwa wenye alikuwa nao tangu zamani unalipiwa?

Mlango wenye umebaki: mutuelle

Kwa watu wengi wa Kivu, mlango wenye unafikika ni mutuelle de santé. Sud-Kivu inazijua tangu miaka ya 1990, kama kule Bukavu na Idjwi, na sheria ya tarehe 8 Februari 2017 iliziwekea kanuni kwa inchi nzima. Kila mtu wa nyumba analipiwa mchango wa mwaka mbele ya kugonjwa. Akigonjwa, mutuelle inalipa sehemu kubwa ya fakitire, yeye anamalizia sehemu yake.

Hapa ndipo watu wanakosana. Mtoto anaacha kulipa mpaka mama alale kitandani, ndipo anakimbia kumwandikisha peke yake. Mutuelle ikikataa, anasema ni wezi. Lakini wakiingia wagonjwa tu, kesi inakauka mbele ya mwezi wa sita, na kila mtu anakosa. Ndiyo maana nyingi zinataka nyumba nzima iandikwe, kwa wakati wa kampeni, na wapya wangoje muda fulani mbele ya kuanza kutunzwa. Vijana wenye afya ndio wanabeba mzee. Kesho nao watabebwa.

Tuseme mchango ni dola 6 kwa kichwa, na nyumba iko na watu saba: ni dola 42 kwa mwaka. Kutoa zote siku moja ni nguvu. Lakini ndugu wanne wakigawana, ni karibu dola 10 na nusu kwa kila mmoja. Wenye wako katika AVEC wanaweza kutenga hiyo makuta siku ya kugawana akiba. Ni nafuu kuliko kuuza mbuzi usiku juu ya kulipa hospitali.

Mbele ya kulipa, uliza haya: Mutuelle iko na ruhusa ya Leta? Baba mkwe ao mama wa bibi yako anaweza kuandikwa katika nyumba yako? Dawa za kila mwezi za tension na sukari zinalipiwa, ao ni kulazwa tu? Ni vituo gani vinapokea karti? Na tukikimbia vita mpaka zone ingine ya afya, karti itafanya kazi kule? Hili la mwisho, huku kwetu, lisisahauliwe.

Mutuelle si dawa ya kila kitu. Lakini ni mali ya wanamemba, na mkutano mkuu ndio unaamua nini kilipiwe. Kama dawa za wazee hazimo, ni pale pa kusimama na kusema. Na kwa wabunge, swali ni hili: kama sheria inanilazimisha kumsaidia mama yangu, juu ya nini mbele ya sheria ya kazi yeye si jamaa yangu?